Siku Tuliyopanda Kilima na Kushukia Tala

Mama alipofunguliwa bandeji ya jicho la pili, kitu cha kwanza alichokiona vizuri nyumbani kwangu kilikuwa vumbi. Aliliona juu ya friji, aliliona nyuma ya televisheni, aliliona kwenye majani ya ua la plastiki ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kama lipo. Alipomaliza kuhesabu aibu zangu akageukia dirisha.

"Hizi pazia ni za kijani?"

"Zimekuwa za kijani siku zote, Mama."

"Mimi nilijua ni rangi ya maziwa." Akakaa kitini akizitazama, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia polepole, miaka mingi, hata hakuna mtu angeweza kusema ugonjwa ulianza lini. Labda ulianza wakati bado tukiishi Makongeni, kwenye zile nyumba za reli, Baba akiwa hai na akifanya kazi karakana. Mama alikuwa akisema taa za nyumba hazina nguvu. Baba akanunua balbu kubwa, akanunua nyingine kubwa zaidi, na Mama akaendelea kulalamika juu ya taa. Baba alipofariki nikamleta Mama kwangu, mtaa wa Tena, na huko ndiko tulikogundua kwamba tatizo halikuwa la balbu. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kumshawishi akubali kupasuliwa. Muda huo wote aliyekuwa macho yake ni Mama Mdogo.

Mama Mdogo si ndugu yetu wa damu. Walikutana na Mama wodini, siku nilipozaliwa mimi. Mama alikuwa ametoka Kakamega miezi michache tu kabla ya hapo, bibi arusi wa mtu wa reli, Kiswahili chake cha kuokoteza, na manesi walikuwa wakali. Kitanda cha jirani kulikuwa na msichana mmoja Mwislamu wa mtaa wa Ziwani, mzaliwa wa Nairobi, naye amejifungua binti. Msichana huyo hakuogopa mtu. Nesi akimfokea Mama, yeye ndiye aliyejibu. Mama akitaka maji, yeye ndiye aliyeita. Walipotoka pale walikuwa wameshakuwa dada, na mimi nikakua nikimwita Mama Mdogo bila kuambiwa na mtu. Binti yake aliolewa Mombasa. Mume wake alitangulia mbele ya haki kabla ya Baba. Yeye amebaki Ziwani, katika nyumba ileile alimoolewa.

Basi Mama alipoanza kupoteza macho, Mama Mdogo alifunga safari ya kuja Tena karibu kila siku. Alimpeleka kliniki, alimpeleka sokoni, alimpeleka kanisani na kumngoja nje, kisha akamrudisha. Walitembea wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Nikiwa kazini ofisini sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijua Mama ana mtu wa kumwambia hapa kuna mtaro, hapa kuna pikipiki, hapa inua mguu.

Siku chache baada ya bandeji kutolewa, Mama Mdogo alikuja kumjulia hali. Mama akamfungulia mlango mwenyewe. Akasimama pale, mkono ungali kwenye kitasa, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "umezeeka hivi?"

Mama Mdogo alicheka kwa sauti. Lakini walipokaa kunywa chai nikamwona akiuvuta mtandio wake mbele kidogo, na kidogo tena, hadi ukafika karibu na nyusi. Mama hakuona neno. Alikuwa na macho mapya na alikuwa akiyatumia kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Ni Mama aliyeleta habari ya kilima. Zamani, akina mama wa kanisa lake walikuwa wamekwenda mji wa Tala kwa gari la kukodi, na njiani wakasimama kwenye kilima kimoja cha mwamba, kando ya barabara ya Kangundo, ambacho kimejengewa ngazi za simiti hadi juu. Waumini huzipanda wakisali. Wenzake wote walipanda. Yeye alibaki chini kwenye kivuli cha gari kwa sababu hakuweza kuona ngazi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, na hakutaka kumwambia mtu.

"Nilisema mguu unaniuma," alinieleza. "Walishuka wakisema kule juu unaona mpaka Nairobi. Nataka kwenda."

Nilikuwa likizoni wiki hiyo. Nikasema sawa, nina gari, tutaenda.

"Na dada yangu."

"Na Mama Mdogo, bila shaka."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie avae viatu vya kutembea."

Asubuhi ya safari Mama alitoka chumbani amevaa gauni la rangi ya chungwa ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa amelinunua peke yake, bila kuuliza mtu, na kitambaa cha kichwani cha zambarau juu yake. Tukaenda Ziwani kumchukua Mama Mdogo. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki pale nje ya nyumba waliinua vichwa, wakatusalimia kwa Sheng yao.

"Niaje mathe! Leo mmewaka! Mnaenda wapi?"

"Tunaenda kupanda mlima," Mama akawajibu kupitia dirishani, kwa sauti ya mtu anayetaka mtaa mzima usikie.

Mama Mdogo alitoka na buibui lake jeusi, mkoba mkubwa, na viatu vya wazi vya buluu, vipya kabisa, vyenye ua dogo juu ya kidole. Mama akavisifu kabla mwenzake hajaketi. "Viatu hivyo! Buluu kama nini!" Mama Mdogo akatazama miguu yake, akasema binti yake alimtumia kutoka Mombasa.

Njia nzima Mama alisoma mabango. Hakuna bango lililompita. Kinyozi. Vyumba vya kukodisha. Tunauza kokoto. Maombi kila Jumatano. Tulipofika Ruai akasoma kwa sauti kubwa, "Nguruwe choma, karibu wote!"

"Hilo ungeweza kuliruka," akasema Mama Mdogo.

Tulicheka sote watatu. Mama akaendelea. Tulipita Kamulu, tukapita Joska, nyumba zikapungua, nchi ikaanza kufunguka. Mama Mdogo alikuwa amekaa nyuma, mikono juu ya mkoba. Nilipomtazama kwenye kioo alikuwa akiitikia kila kitu, ee, ee, naona, pazuri.

Kilima kile hukioni hadi ufike karibu, halafu ghafla kiko hapo, jiwe moja kubwa la kijivu lililojitokeza katikati ya nchi tambarare. Chini yake kulikuwa na mlinzi mmoja mzee kidogo, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Alitutazama, akawatazama zaidi wale wawili.

"Akina mama, mtafika juu kweli?"

"Kwani wewe hufiki?" Mama akamuuliza.

"Mimi nafika. Mimi ni wa hapa."

"Basi na sisi leo ni wa hapa."

Alituchagulia fimbo mbili kutoka rundo lililokuwa kando ya banda. Mama akakataa yake. Mama Mdogo akachukua, kisha kwa mkono mwingine akaushika mkono wa Mama, kama alivyozoea, bila kufikiri. Wakaanza kupanda hivyo.

Ngazi za mwanzo zilikuwa pana na zimenyooka. Mama Mdogo alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama wimbo, "inua, haya, inua, haya." Walikuwa wamepanda kidogo tu Mama aliposimama.

"Dada, niachie mkono."

"Kwa nini?"

"Naona. Nataka kupanda nikiona."

Hakusema kwa ubaya. Mama hana sauti ya ubaya, ana sauti ya haraka tu. Akautoa mkono wake, akashika gauni lake la chungwa pembeni, akaenda. Mama Mdogo akabaki amesimama na mkono wake hewani, haujui urudi wapi. Kisha akaushusha, akashika ukuta mfupi wa pembeni, akaanza kupanda nyuma yake. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jua lilikuwa bado la upole, upepo ulipita juu ya mawe na kuleta harufu ya nyasi kavu na mavi ya mbuzi. Mama alisimama kila mahali. Si kwa kuchoka, alisimama ili atazame. Aliniita nione mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, amelala juu ya jiwe kama amepakwa rangi. Aliniita nione ukungu wa njano kwenye mwamba, ule unaoota kama madoa. "Huu ulikuwepo siku zote?" aliuliza. "Kwenye mawe yote? Hata kule kwetu?" Nikamwambia ndiyo, hata kule kwenu. Akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba kabla ya kupasuliwa alikuwa akiona dunia kama mtu anayetazama kupitia chupa ya mafuta ya kupikia, na kwamba kitu kilichompotea kabisa, bila yeye kujua kimepotea, kilikuwa buluu.

Nyuma yetu Mama Mdogo alijikwaa. Ilikuwa mahali ngazi za simiti zinapokatika, na zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe zinaanza, nazo hazilingani. Alipiga goti, fimbo ikaanguka ikashuka ikigonga mawe. Nikakimbia kumshika.

"Ni hivi viatu," akasema. "Vipya hivi vinateleza."

Mama akamwambia avue. Akavivua, akavitia mkobani, akapanda akiwa miguu mitupu, mkono mmoja kwenye bega langu. Vidole vyake vilikuwa vikiminya bega hilo kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Kila ngazi aliigusa kwanza kwa ncha ya mguu, kama mtu anayepima maji ya kuoga, ndipo akakanyaga. Nilifikiri ni uzee. Nilifikiri pia bado ana kinyongo, maana hakuwa akisema kitu.

Juu kulikuwa na uwanja mdogo wa jiwe, na upepo mwingi. Kuelekea kaskazini uliuona mlima wa Kilimambogo mzima, mweusi, na wingu moja limekaa kileleni. Upande wa machweo, mbali kabisa, magorofa ya Nairobi yalikuwa yameungana kuwa mstari mmoja wa moshi. Chini yetu yalitapakaa mashamba makavu, barabara nyembamba yenye malori, na mabati ya nyumba, mengine mekundu, mengine ya buluu, mengine ya kijani kama chupa.

Mama alikaa chini. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kichwani, akakumbuka daktari alimkataza kujipangusa macho kwa nguo, akacheka.

"Dada, unauona ule mlima?" akauliza.

"Nauona," akajibu Mama Mdogo. "Mashallah."

Alikuwa ametazama upande wa Nairobi. Mimi nililiona hilo, na bado sikulielewa. Nilidhani anazungumzia kitu kingine. Tukala mayai ya kuchemsha na chapati nilizobeba, tukanywa chai ya chupa. Mama Mdogo akalainika kidogo, akasimulia jinsi nesi mmoja wa wodi ile alivyomfungia nje hata mama yake mzazi kwa kuchelewa saa ya kuona wagonjwa, na wote wawili wakacheka kicheko kilekile ambacho nimekisikia maisha yangu yote.

Taabu ilikuwa kushuka. Mama Mdogo alifika kwenye ngazi ya kwanza ya mwamba, akasimama, na hakuenda tena. Nikamshika mkono. Akatikisa kichwa. Mama akamwambia ni ngazi tu. Mama Mdogo akasema magoti yake yamegoma. Kisha taratibu, kwa heshima zote, akakusanya buibui lake na kukaa chini palepale, akashuka ngazi moja kwa makalio, na nyingine, na nyingine, kama mtoto anayejifunza.

Mama alimtazama. Nilingoja aseme lolote la kuudhi. Badala yake akashuka hadi pale alipokuwa, akakaa kando yake, na gauni lake jipya hivyohivyo, na wakaanza kushuka pamoja kwa makalio, bega kwa bega, wakiguna. Familia moja iliyokuwa ikipanda na tasbihi mikononi iliwapisha kwa adabu. Mlinzi wa chini alisimama kutoka kwenye ndoo yake kuona kuna nini.

"Si niliwaambia!" akasema.

"Juu tumefika," Mama akamjibu. "Kushuka hukuuliza."

Tukaendelea hadi Tala kutafuta chakula cha mchana, hapakuwa mbali. Ilikuwa siku ya soko na mji ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Nimepita miji mingi midogo ya nchi hii na nilikuwa nimeacha kuitazama, lakini siku hiyo niliiona kwa sababu Mama alikuwa akiniita kila hatua. Kila duka limepakwa rangi ya kampuni inayouza kitu fulani. Duka la simu kijani, duka la sabuni buluu na nyeupe, duka la dawa za mifugo njano, bucha nyekundu, saluni ya waridi iliyochorwa mwanamke mwenye shingo ndefu. Juu ya duka moja la mbegu walikuwa wamechora mahindi makubwa kuliko mtu. Chini ya hayo yote walikaa akina mama na mafungu ya maembe, ndengu kwenye magunia, nyanya, na vyondo, vile vikapu vya katani, vimening'inizwa kwenye kamba, safu juu ya safu.

Mama alikwenda katikati ya yote hayo kama aliyealikwa. Alishika kila kitu. Tukala wali na ndengu kwenye hoteli moja yenye meza za plastiki, na saa ya adhuhuri ilipofika Mama Mdogo akauliza msikiti uko wapi. Mwenye hoteli alitutuma nyuma ya stendi. Ulikuwa msikiti mdogo, umepakwa kijani na nyeupe, na mlango wa wanawake ulikuwa kando, viatu vichache vimeachwa kizingitini. Mama na mimi tukakaa kwenye benchi ng'ambo ya njia, tukingoja.

Mama Mdogo alitoka baada ya muda, akainama, akapapasa, akavaa, akavuka kuja kwetu.

"Twendeni," akasema.

Mama hakusimama. Alikuwa akitazama miguu yake.

"Dada, hivyo ni viatu vya nani?"

"Vyangu."

"Viatu vyako ni vya buluu. Vina ua."

Mama Mdogo akatazama chini. Alitazama kwa muda, akainua mguu mmoja karibu kidogo. Alikuwa amevaa kiatu kimoja cha kahawia na kimoja cheusi. Cha kahawia kilikuwa kikubwa, kisigino kimebaki nje ya mguu wake kama mtumbwi. Wakati huohuo mwanamke mmoja kijana alitokea kwenye mlango wa msikiti, mguu mmoja una kiatu cheusi, mwingine mtupu, akitafuta huku na huku. Nilikimbia kumrudishia chake, nikarudisha na kile cha kahawia, nikachukua viatu vya buluu vilivyokuwa vimewekwa pembeni kwa utaratibu kabisa, ukutani. Yule mwanamke alicheka, akasema haidhuru, hutokea.

Niliporudi, wale wawili walikuwa wameketi kwenye benchi. Mama alikuwa amemgeukia dada yake.

"Lile duka pale. Rangi gani?"

"Kijani," akasema Mama Mdogo. "Si la simu?"

"Lile la kando yake?"

Mama Mdogo akauvuta mtandio wake mbele.

"Dada. Lile la kando yake lina mwanamke mkubwa amechorwa ukutani. Umemwona?"

"Naona kuna watu wengi," akasema Mama Mdogo polepole.

"Haya, nimeinua vidole vingapi hapa?"

"Usinifanye mtoto," akasema Mama Mdogo, na sauti yake ikakatika.

Mama akashusha mkono. Nilimwona akipiga hesabu za mambo kichwani mwake, na uso wake ukabadilika.

"Ulinivusha barabara ya Outer Ring," akasema. "Ulinivusha Jogoo Road. Mara ngapi? Ukiwa huoni?"

"Nilikuwa naona kuliko wewe."

"Kiasi gani?"

"Kidogo." Mama Mdogo alikuwa akivaa viatu vyake vya buluu, kimoja, na kingine, kwa makini sana. "Nilikuwa nasikiliza. Watu wakivuka, tunavuka. Na zile njia za kwenda kwako nazijua, mitaro yake naijua. Nilikuwa nakwambia inua mguu kwa sababu nakumbuka, si kwa sababu naona."

Sikujua nicheke au nikae chini. Nilikaa chini. Nilikuwa nikifikiria siku zote zile nilizokaa ofisini nikijiambia Mama yuko salama.

"Na kwa nini hukusema?" Mama alikuwa amekasirika kweli sasa. Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka. "Nimelala kwenye kile kitanda cha daktari, nimekatwa macho yote mawili, na wewe umekaa nje umenishikia nguo, na hukusema?"

"Ningesema, nani angekupeleka?" akajibu Mama Mdogo. "Huyu yuko kazini." Akanionyesha kwa kidevu, au alionyesha mahali alipodhani nipo. "Tungekaa vipofu wawili, wewe Tena, mimi Ziwani, tukipigiana simu. Nilisema kwanza wewe uone. Halafu ulipoona, nikaogopa. Kisu kwenye jicho, mimi siwezi." Akakung'uta vumbi la buibui lake. "Halafu ukaniambia niachie mkono."

Soko liliendelea kupiga kelele mbele yetu, mtu anatangaza sukumawiki, mwingine anatangaza Injili kwa kipaza sauti. Mama akaunyoosha mkono, akauchukua wa Mama Mdogo, akauweka juu ya paja lake na kuufunika na wake mwingine. Hakuomba msamaha. Sijawahi kumsikia akiomba msamaha kwa maneno, si kwa Baba, si kwetu.

"Twende tukaone vyondo," akasema.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, aliyetuita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, sote watatu bila kubagua umri. Mama Mdogo alitaka kimoja lakini hakutaka kuchagua, alisema kiwe chochote. Mama akakataa. Alishusha vyondo kutoka kwenye kamba kimoja kimoja, akampa avipapase, na akaanza kumweleza rangi zake.

"Hiki hapa juu ni cha rangi kama ya yale mabehewa ya zamani ya reli. Unayakumbuka?"

"Yale mekundu mazito?"

"Hayo. Halafu chini kuna mstari. Mstari ni kama... sare ya ile shule ya wasichana pale karibu na kwako."

"Ile ya buluu iliyopauka."

"Siyo iliyopauka, mpya, siku ya kwanza muhula unapofunguliwa. Na hapa chini kabisa kuna njano. Si njano ya ndizi. Ni ile ya blanketi la wodi."

"Lile lililokuwa likiwasha!"

"Ndilo."

Mama Mdogo alikuwa akipitisha vidole kwenye kila mstari wa katani Mama alipoutaja, na uso wake, jinsi alivyouinamisha, ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza habari za kwao. Muuzaji aliacha kututangazia bei, akakaa kwenye kigoda chake kutazama. Walivimaliza karibu vyote. Kwa kingine Mama hakupata mfano, akasema tu, "Hiki ni kibaya, tuache." Mwishowe Mama Mdogo alichukua kile cha mabehewa.

Tuliporudi, Mama alikaa nyuma pamoja naye. Hakusoma mabango. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini na sehemu nyingine sikuzisikia, na sikujaribu. Nilisikia Mama akisema, "Hakuna kisu unachokiona. Unaona taa tu, nyeupe, na maji. Halafu unasikia njaa." Mama Mdogo akauliza kama unasikia wanachofanya. Mama akasema unasikia wanazungumza habari za mpira. Tuliwasili Ziwani jua likiwa bado juu ya mapaa. Mama alishuka naye, akamshika mkono hadi mlangoni, na nilimsikia akisema pale kwenye mtaro, "Inua."

Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Mara ya kwanza walipopanga kwenda kliniki, Mama Mdogo alisema ana mafua. Mara ya pili alisema binti yake anakuja kutoka Mombasa, na binti hakuja. Mama hakubishana. Alikuwa akienda Ziwani asubuhi, anakaa, anapika, anamsubiri akubali, na jioni anarudi Tena bila kusema neno la kliniki. Kisha binti alikuja kweli, akasikia habari yote, akalia, akakasirika na kila mtu nikiwemo mimi, na wiki hiyo wakaenda watatu. Wamemfanyia jicho la kushoto. La kulia bado linangoja.

Siku aliyofunguliwa bandeji nilikuwa kazini na sikuweza kuondoka. Mama alinipigia simu mchana, lakini badala ya kuzungumza akampa mwenzake.

"Mwanangu," akasema Mama Mdogo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Huko kwenu kunanyesha?"

Nikatazama dirishani. Kulikuwa na jua tu, nikamwambia hapana.

"Hapa Ziwani kunanyesha. Nimekaa mlangoni naitazama." Akangoja kidogo, nami nikasikia kupitia simu mvua ile ikipiga mabati. Kisha akaniuliza kama nimekula mchana, nami nikamwambia bado.